Mama Kimya na kisanduku kinachonyamazisha umeme

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa chumba cha mbele uko wazi na mteja amesimama kizingitini, feni iliyokufa kaibana kwapani.

"Hodi hapa. Habari za asubuhi, mama?"

"Kumi na moja," anajibu fundi bila kuinua kichwa.

Mteja anaingia. Anaweka feni chini, anavuta kigoda, anakaa. Wateja wa chumba hiki wameshazoea kwamba mama huyu akiwa anasuka koili, salamu hujibiwa kwa namba, na mwenye haraka atafute fundi mwingine. Mkononi ana pete nyeusi, ukubwa wa bangili ya mtoto, na waya wa shaba unaopita katikati ya pete na kurudi juu, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Upande wa pili wa pete kuna waya mwingine uliokwisha kumaliza mizunguko yake ishirini na miwili. Huu nao lazima ufike hapohapo, usizidi wala usipungue.

"Ishirini na mbili. Nzuri, baba, umeamkaje? Hiyo feni imefanya nini tena? Nilikwambia usiifunge juu ya jiko. Nilikwambia au sikukwambia? Mafuta yanaingia kwenye koili, halafu unakuja hapa na uso wa msiba."

Tangu hapo hanyamazi mpaka mteja anaondoka.

Mtaani wanamwita Mama Kimya. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, ana maoni yake kuhusu jina hilo. "Wamelitoa watu ambao hawajawahi kukaa naye nyumba moja," anasema akiwa anamenya viazi ukumbini. "Mimi nimeendesha lori la magogo miaka ishirini na sita, na injini yake ilikuwa inapumzika."

Jina lilitokana na kazi yenyewe. Mama huyu wa miaka hamsini na minne hutengeneza kichujio cha umeme, kisanduku cha bati kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na vyombo vya sauti. Umeme unaingia upande mmoja na kelele zake zote, unatoka upande wa pili umetulia, na spika iliyokuwa ikivuma inaacha kuvuma.

"Waya wa umeme ni kama bomba la maji," anaeleza. "Jirani wa juu akitia matope, wa chini atakunywa matope. Mtu akiwasha randa ya umeme, mwingine akichomelea geti, uchafu wote huo unasafiri kwenye waya hadi kwako. Redio yako haina kosa lolote, inapiga kile inacholishwa."

Kisanduku cha namna hiyo kikinunuliwa dukani, bei yake ni sawa na kodi ya nyumba yake ya miezi minne. Cha kwake hakifiki nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Hata hivyo kinachoweka chakula mezani bado ni kusuka upya mota zilizoungua. Mwezi mzuri husuka mota kumi, mwezi mbaya tatu.

Koili alizijua kiwandani. Miaka kumi na tisa alisuka mota za pampu za maji, kwenye benchi moja na wanawake wenzake, hadi siku kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi sitini na wawili wakaambiwa waende nyumbani. Yeye alikwenda na vidole vyake tu. Dole gumba la kulia lina sugu nene, na kidole cha kati kina kovu la waya uliokatika ukiwa umevutwa sana.

"Watu walidhani nitauza vitumbua," anasema. "Hakuna ubaya kuuza vitumbua. Ila mimi najua kusuka mota, nitawezaje kulala nikijua naweza kusuka mota na sisuki?"

Kichujio alikiona mara ya kwanza ndani ya mashine ya kutoa nakala iliyotupwa. Mahali waya wa umeme unapoingia palikuwa na kidude cha bati kilichofungwa kabisa. Alikikata kwa msumeno wa chuma, na ndani akakuta pete yenye koili mbili zinazotazamana.

"Nikasema, loo! Nimesuka koili umri wangu wote, leo nimekutana na koili nisiyojua kazi yake. Nilikasirika kweli." Hasira hiyo ilimchukua miezi minane ya kusoma, kuuliza na kuharibu vitu, akisaidiwa na binti yake muuguzi aliyemtafutia maelezo kwenye simu na kumsomea kwa lugha ya nyumbani.

Alipomaliza, alijua tayari nani anakihitaji.

Mtaa wa pili, nyuma ya karakana ya seremala, kuna chumba anachofanyia kazi mzee mmoja ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Alifundisha biolojia hadi macho yalipomwishia akiwa na miaka arobaini na tatu. Akajifunza kusoma nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na sasa huwasomea wanafunzi wa shule ya wasioona vitabu vyao, sauti ikirekodiwa. Shule ina nakala moja tu ya kitabu cha biolojia cha nukta nundu. Wanafunzi wa darasa la mtihani ni thelathini na mmoja.

Shida ilikuwa mvumo. Seremala akiwasha msumeno wake wa umeme, rekodi zote zilijaa zzzz. "Watoto waliniambia, Mwalimu, ndani ya kitabu chako mna nyuki," anasimulia mzee huyo. "Wengine wakasikiliza nusu saa, kichwa kikauma, wakaacha. Mtihani wa biolojia, na wao wanasikiliza nyuki."

Alibandika magodoro mawili ukutani. Mkewe alimtishia kwamba kama anayapenda kiasi hicho akalale nayo hukohuko. Mvumo haukupungua hata kidogo, kwa sababu haukuwa unapita ukutani.

Mama Kimya alimpelekea kisanduku chake cha kwanza. Aliunganisha waya, akamwomba seremala awashe msumeno, na nyuki wakapotea. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Habari zilienea mtaani na jina la Mama Kimya likazaliwa wiki hiyo. Mumewe alinunua soda.

Wiki tatu baadaye alipita kumjulia hali Mwalimu. Kipaza sauti kilikuwa kimeviringishwa kitambaa cha mkononi, kimefungwa kwa uzi.

"Mwalimu, kipaza sauti chako kina mafua?" alimtania.

"Kinang'ata kidogo," Mwalimu akajibu, naye akicheka.

Fundi hakucheka. Aligusa chuma cha kipaza sauti kwa mgongo wa vidole na akausikia: mtekenyo mwembamba wa umeme. Aling'oa waya ukutani.

"Nilimtazama yule mzee," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Anasoma kwa mikono miwili, mdomo uko kwenye chuma, macho hana. Wiki tatu nzima kitu changu kinamng'ata mdomoni."

Kosa lilikuwa la msuka mota, na yeye mwenyewe hulieleza kwa kila anayetaka kisanduku. Ndani ya kichujio kuna kapasita zinazouchukua uchafu wa umeme na kuutupa kwenye waya wa ardhi, yaani waya unaotoka kwenye tundu la tatu la soketi na kufukiwa chini ya udongo nje ya nyumba. Kwenye mota, kapasita ikiwa ndogo mota hainyanyuki, kwa hiyo mkono wake umezoea kuongeza. Akaongeza. Akaweka kapasita kubwa kuliko inavyotakiwa, akidhani kimya nacho kitaongezeka.

"Mota hakuna mtu anayeishika ikiwa inazunguka," anasema. "Miaka kumi na tisa sijawahi kufikiria mdomo wa mtu. Kipaza sauti watu wanakibusu."

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alipofungua soketi ya Mwalimu alikuta tundu la tatu limeunganishwa na hewa. Waya wa ardhi haukuwepo kabisa, wala nyumba yenyewe haikuwa na chuma chochote ardhini. Aliyeweka umeme miaka ile aliweka soketi ya matundu matatu ili ipendeze. Uchafu uliotakiwa kuzama udongoni haukuwa na pa kwenda, ukakaa kwenye bati la kisanduku na kusafiri hadi kwenye kipaza sauti.

"Soketi ilinidanganya, lakini mimi ndiye fundi. Kazi yangu ni kutoamini soketi."

Mwalimu kwa upande wake alikuwa ameuhisi mng'ato tangu siku ya pili, akauficha. Kwanza alidhani ni uzee. "Umri huu leo mguu unawasha, kesho sikio, keshokutwa mdomo. Nikasema zamu ya mdomo imefika." Alipong'amua kwamba ni umeme, aliogopa jambo jingine. "Niliogopa ataondoka na kimya chake. Nilikuwa nimesoma sura tatu bila nyuki. Nikaona kung'atwa mdomo ni bei nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo nimeifundisha watoto mimi mwenyewe kwa mdomo huuhuu."

Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja kufika mtihani. Kitabu kina sura kumi na nne, na zilizokuwa tayari ni tano.

Mama Kimya alijaribu njia fupi. Aliondoa zile kapasita za ardhi, mng'ato ukaisha, na nusu ya nyuki wakarudi. Mwalimu akasikiliza, akakunja uso.

"Niletee kile kinachong'ata," akasema.

"Sikuletei."

"Fundi, mdomo ni wangu."

"Na kisanduku ni changu. Kwenda zangu na lawama za watoto thelathini na mmoja naweza. Kwenda zangu na maiti yako siwezi."

Mwalimu akamnunia siku sita. Mkewe alikuwa akija kwa fundi kuleta ripoti za mnuno, ameongea au hajaongea, amekula au hajala. Watu wawili walimshauri Mama Kimya arudishe kisanduku cha zamani na kitambaa kiendelee kufungwa, mradi mzee mwenyewe amekubali, nani atajua? Ushauri huo bado unamchemsha. Anapousimulia anagonga meza kwa koleo.

"Mimi ningejua!"

Kilichofuata kilikuwa kazi ya sururu. Mumewe alichimba nyuma ya chumba cha Mwalimu, karibu na bomba panapokaa majimaji, wakapigilia nondo ya shaba yenye urefu wa mita moja na nusu. Fundi aliazima mita ya kupima ugumu wa umeme kuzama ardhini kwa aliyekuwa msimamizi wake kiwandani. Alitaka namba iliyo chini ya kumi. Mita ikasoma sitini na nne. Wakapigilia nondo ya pili. Thelathini na moja. Mume akauliza kama wanatafuta umeme au wanatafuta madini. Wakaongeza ya tatu, wakashindilia mkaa na chumvi kuizunguka, wakamwagia maji ndoo kwa ndoo kwa siku nne. Mita ikasoma nane.

"Alinikumbatia mbele ya watu, na matope yote yale," mume anasema, akirudi kwenye viazi vyake haraka.

Tangu hapo Mama Kimya ana sharti. Haachi kisanduku kwa mtu yeyote kabla ya kwenda mwenyewe kupima tundu la tatu. Wateja saba wametaka kubeba tu na kuondoka, mmoja akiwa na gari nje na injini inanguruma, na wote saba aliwakatalia. Watatu kati yao hawakurudi. Kile kisanduku cha kwanza kiko mezani kwake, kifuniko wazi, kapasita kubwa zikionekana. Kila mteja mpya huonyeshwa na kuambiwa kosa liko wapi. Wapo mafundi wanaoficha makosa yao chini ya benchi. Huyu ameliweka lake kando ya birika la chai.

Saa nne na nusu kisanduku kipya kimekamilika. Kapasita za ardhi ni ndogo, mpya, zenye alama ya usalama, na zimemgharimu mota mbili nzima za kazi. Kuna fyuzi. Kuna kizuizi kidogo kinachomaliza umeme uliobaki ndani, ili atakayeng'oa waya na kugusa ncha zake asipigwe. Waya wa ardhi umefungwa kwenye bati kwa skrubu mbili, kisha ukalehemiwa juu yake. Anauvuta kwa koleo, anauvuta tena, anampa mumewe naye auvute.

"Dereva wa lori akishindwa kuung'oa, basi haung'oki," anasema.

Saa tano wanaingia kwa Mwalimu. Magodoro bado yako ukutani. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, kitabu kikubwa cha nukta nundu kimefunguliwa kwenye sura ya sita, kipaza sauti mbele yake, chuma kitupu. Mkononi ameshika kile kitambaa, amekikunja mara nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Zimebaki wiki saba na sura tisa. Kikifanya kazi leo, Mwalimu amepiga hesabu kwamba atamaliza na watoto watabakiwa na siku ishirini za kusikiliza. Kikishindwa, hakuna muda wa kujaribu tena.

Fundi anapima tundu la tatu kwanza, ingawa alilipima jana na juzi. Anaunganisha. Kisha anatoka nje na kumpigia kelele seremala, ambaye siku zote huombwa azime na leo anaombwa awashe.

"Nikate nini? Sina mbao ya mteja hapa!"

"Kata chochote!"

Msumeno unalia. Ndani, Mwalimu amevaa spika za masikioni, ameinamisha kichwa. Mama Kimya anamzuia kwa kumwekea kiganja begani.

"Ngoja. Kwanza mimi."

Anagusa kipaza sauti kwa mgongo wa vidole. Anageuza mkono, anakishika kwa kiganja kizima. Kisha anainama na kukibandika mdomo, mbele ya mumewe, mbele ya mke wa Mwalimu na mbele ya mwandishi wa makala haya, na anabaki hapo, macho kafumba, kwa muda unaotosha mtu kupata wasiwasi.

"Sasa wewe, Mwalimu," anasema akiinuka.

Mwalimu anasita. Kitambaa kinahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, halafu kinaingia mfukoni. Anasogea taratibu, mdomo unagusa chuma, mabega yamepanda juu kama ya mtu anayesubiri maji baridi. Yanashuka. Vidole vinatafuta mstari wa kwanza wa sura ya sita, naye anaanza kusoma kuhusu moyo na vyumba vyake vinne. Anasoma mstari wa pili, wa tatu, ukurasa mzima. Seremala huko nje anaendelea kukata kisichojulikana. Mwalimu anakatisha kusoma katikati ya sentensi.

"Fundi."

"Naam."

"Hakuna kitu."

"Kitu gani hakuna?"

"Nyuki hakuna. Meno hakuna." Anakigusa tena kwa mdomo, mara mbili, kama anayehakikisha. "Umefanya kazi, mwanangu. Umefanya kazi hasa."

Mama Kimya analia na hajifichi. Mumewe anatoa leso, anagundua ina matope, anairudisha mfukoni. Mke wa Mwalimu anatazama magodoro ukutani na kuuliza kama sasa anaweza kuyachukua.

"Nimesuka mota zilizovuta maji ya watu nisiowajua," fundi anasema baadaye akiwa nje, akijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa naona fahari, lakini fahari ya kiwanda mnagawana watu sitini na wawili. Hii ya leo ni yangu. Nilikosea mwenyewe, nikarekebisha mwenyewe, na sitaki kuonyesha unyenyekevu wa uongo. Nimefanya kazi nzuri."

Mipango yake haianzi na kuuza visanduku zaidi. Shule ya wasioona ina chumba cha kompyuta chenye soketi kumi na nane, ambako wanafunzi husikiliza rekodi za Mwalimu wakiwa wameshika vyombo vya chuma. Wiki iliyopita aliruhusiwa kuingia na mita yake, akapima soketi nne kabla ya kengele ya mchana. Tatu kati ya hizo hazikuwa na waya wa ardhi. Mkuu wa shule amempa Jumamosi yote. Mumewe ameshanunua mpini mpya wa sururu, na mbele ya mwandishi huyu aliapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Akipata mkopo wa chama chao cha akina mama, anataka kuchukua benchi la pili na kuita wenzake wawili wa kiwandani waje wasuke naye. Ameshawaambia watakachofundishwa siku ya kwanza, kabla hawajagusa waya wowote.

"Watakwenda kwa Mwalimu wamwone anavyosoma," anasema. "Wamtazame mdomo wake ulipo. Yule mzee alijikaza wiki tatu kwa ajili ya kitu nilichomtengenezea mimi. Nataka mtu akishika kazi yangu, asihitaji kuwa jasiri."